Sarafu ya Mwaka wa Tano

Watu walimwita Sikio, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lile la wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kliniki. Hili la Sikio alilipata kwa jasho lake mwenyewe.

Miaka arobaini na ushei alikuwa akipima sarafu za kale za fedha. Unamletea sarafu uliyorithi kwa babu yako, au uliyoikuta ndani ya mkebe wa vifungo, anaiweka kwenye mizani yake ndogo, anaipitishia sumaku, anaitazama kwa lenzi pande zote mbili na ukingoni. Hayo yote yakiisha anaiweka juu ya ncha ya kidole cha shahada, anaigonga kwa kalamu ya risasi, kisha anafumba macho. Fedha halali hulia. Hulia kama kengele ndogo iliyo mbali, mlio mwembamba unaokwenda na kwenda mpaka ujiulize umekwisha au bado. Ile ya bandia, yenye tumbo la shaba, husema "tap" ikanyamaza kama mtu aliyefumaniwa.

"Mizani inadanganywa," alikuwa akisema. "Sumaku inadanganywa. Macho ndiyo usiseme kabisa. Lakini hapa," na hapo huligusa sikio lake la kulia, "hapa hapadanganywi."

Na kweli, kwa miaka mingi hapakudanganywa.

Rafiki yake alikuwa Fundi Saa. Walikutana vijana, kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, wakigombea sarafu moja. Huyu anapandisha, yule anapandisha, hadi mifuko yao yote miwili ikaishiwa pumzi, wakaangaliana, wakacheka, wakainunua pamoja. Kuanzia siku hiyo walikuwa kama chanda na pete kwa miaka thelathini na minane.

Walichokuwa wakikusanya pamoja ni sarafu za mfalme mwenye ndevu. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili shada la ngano, chini yake mwaka. Zilipigwa kwa miaka kumi na mmoja tu, basi. Fundi Saa, ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, alichonga kisanduku bapa cha mbao chenye vitundu kumi na kimoja, akavitandika kitambaa cheusi. Chini ya kila sarafu palikaa kikadi kidogo: mwaka, uzito, daraja, na sahihi mbili. Kikadi chenye sahihi moja kwao hakikuwa kikadi. Kisanduku kilikaa miezi sita kwa huyu, miezi sita kwa yule.

"Kama mtoto wa wazazi walioachana," alisema mke wa Sikio. "Tena mtoto huyu anapendwa kuliko wangu."

Madaraja nayo waliyatunga wenyewe. Katika chama cha wakusanya sarafu, Katibu, mwalimu mstaafu, alitumia namba, moja hadi sabini. Wao wawili walikuwa na matano tu. Sarafu ambayo haijawahi kuingia mfukoni kwa mtu waliiita mwali. Iliyoguswaguswa kidogo, bi harusi. Iliyotumika lakini nywele za mfalme bado zinahesabika, mama. Iliyosagika, ndevu na uso vimekuwa kitu kimoja lakini bado unamjua kuwa ni mfalme, bibi. Na ile iliyokwisha kabisa, laini kama kokoto, marehemu.

"Hii ni mama."

"Mama wapi? Tazama shavu hilo. Huyo bibi, tena bibi mwenye vitukuu."

"Basi wewe na macho yako ya kutazama vipuri vya saa! Nimesema mama."

Wangeweza kubishana hivyo mchana kutwa, chai ikapoa vikombeni.

Vitundu kumi vilijaa. Kimoja kilibaki wazi: mwaka wa tano. Inasemekana mwaka ule mashine ya kupigia sarafu ilipasuka, zikatoka chache. Waliitafuta miaka ishirini na mitatu.

Halafu siku moja Fundi Saa akaipata.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya chama, katika kile chumba cha nyuma ya duka la kuchapisha kadi za mialiko, ambako meza imetandikwa kitambaa cha kijani na ukutani pana ubao wenye majina ya wanachama. Walikuwapo watu saba. Fundi Saa aliingia akicheka tangu mlangoni, hakuketi, akaweka sarafu juu ya meza mbele ya Sikio kama mtu anayeweka yai.

"Haya. Mpokee mgeni wako."

Sikio aliitazama mwaka, na moyo ukampiga. Akaipima: ilipungua kidogo, kwa uzee labda. Akaipitisha chini ya lenzi: bibi, tena bibi wa heshima. Sumaku haikuitaka. Akaiweka kidoleni. Akagonga.

Tap.

Akageuza kidole, akagonga tena. Tap. Ya tatu, tap. Kama kugonga kifungo cha koti.

"Bandia," alisema.

Fundi Saa alicheka. "Acha mzaha, bwana. Watu tuna presha."

"Mimi na fedha hatuna mzaha. Hii haina sauti."

"Haina sauti vipi? Sikio, hii imelia! Imelia mpaka kule mlangoni!"

"Imelia kwako kwa sababu unataka ilie."

Katibu alikuna kidevu. Mfamasia, aliyeketi karibu, alifungua mdomo, akaufunga. Laiti jambo lingeishia hapo pangekuwa na njia ya kurudi. Lakini Sikio alikuwa ameumia. Alikuwa ameitamani sarafu ile kama rafiki yake, au zaidi, na uchungu ukitafuta pa kutokea hautazami pa kupita. Akasema:

"Miaka ishirini na mitatu unatafuta. Umechoka, umeamua kuchonga? Maana mikono yako inajua vyuma."

Fundi Saa aliichukua sarafu yake, akaifuta kwenye shati, akavaa kofia, akatoka. Alifunga mlango polepole, kama anavyofunga mtu mwenye adabu kwenye nyumba ya wageni.

Kanuni ya chama ilikuwa wazi: mwanachama anayeleta bandia huku akijua hufutwa jina. Mwezi uliofuata Katibu alichukua kitambaa chenye maji akalifuta. Hakuna aliyepinga. Sikio alikuwa amesema, na Sikio akisema amesema.

Miaka mitatu ikapita. Kisanduku kilibaki kwa Sikio, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na hakuna aliyekuja kukidai.

Katika miaka hiyo dunia iliharibika, kwa kadiri alivyoiona. Bandia zilijaa kila mahali. Kati ya sarafu kumi alizoletewa, tisa zilikuwa bubu. Mfamasia alimletea sita alizoachiwa na baba yake. Zote sita Sikio alizirudisha akitikisa kichwa, na Mfamasia, maskini, akawapa wajukuu wazichezee, zikapotelea mchangani. Watu nao walianza kumung'unya maneno kama wenye uji mdomoni. Birika la kupiga mluzi lilikufa mluzi wake, akamwambia mkewe walitupe, mkewe akamwangalia tu. Hata ndege wa alfajiri walikuwa wamehama mtaa. Alilalamika juu ya yote hayo, na kila mtu alimwitikia, maana mzee akilalamika ndivyo anavyoitikiwa.

Kisha Fundi Saa akafa. Sikio alikwenda mazikoni, akasimama ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa gereji, kofia mkononi. Aliliona jeneza likipita, akarudi nyumbani bila kumpa mtu mkono.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi mchana, binti wa Fundi Saa alikuja.

Alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo, na hata siku ile pini mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Sikio alimjua tangu anatambaa. Ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa kutumia sarafu marehemu. Mke wa Sikio alimpokea mlangoni, wakakumbatiana, wakalia kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Ingia, mzee yuko kazini kwake."

Akaingia katika chumba cha kazi, akasimama mbele ya meza. "Habari, mzee," alisema.

Basi. Hakumwamkia. Maisha yake yote alimwita baba mdogo na kumpa shikamoo hata kabla hajavua viatu. Sikio alilisikia pengo hilo vizuri kabisa.

"Keti," alisema.

"Sikai sana." Akatoa kwenye mkoba mkebe bapa, wa kuwekea vipuri vya saa, akaufungua, akamsogezea. "Nimekuletea hii."

Ilikuwa sarafu ya mwaka wa tano. Aliitambua kabla hajaigusa. Lakini ukingoni, chini ya shada la ngano, palikuwa na jeraha: mtu aliipiga tupa, akaikata kijibonde kirefu kama punje ya mchele. Sikio alishtuka kama aliyeona uso wa mtoto umekatwa kisu. Sarafu iliyopigwa tupa haina tena daraja wala thamani kwa mkusanyaji, hata iwe adimu vipi.

"Nani amefanya ukatili huu?"

"Baba. Usiku wa siku ile ile uliyomwita mchongaji. Alisema hawezi kulala bila kujua." Binti alinyoosha kidole. "Tazama ndani."

Sikio alichukua lenzi. Bandia hata ingevikwa fedha nene kiasi gani, ukiikata utaona wekundu wa shaba. Alitazama kijibonde, akageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama tena. Palikuwa peupe. Peupe mpaka chini kabisa.

Chini ya sarafu, ndani ya mkebe, palikuwa na kikadi. Mwandiko wa Fundi Saa, mdogo na ulionyooka: *Mwaka wa tano. Bibi. Imelia.* Na sahihi yake. Nafasi ya sahihi ya pili ilikuwa wazi.

"Kwa nini hakuja?" Sikio aliuliza. "Alikuwa na ushahidi. Kwa nini hakuja kunitia aibu?"

"Alikuja."

"Hakuja. Mimi siku zote nipo hapa."

"Alikuja kesho yake asubuhi, mama mdogo alikuwa sokoni. Akavuta kamba ya kengele."

Kengele ile ilikuwa ya shaba, ndogo kama kikombe cha kahawa, imetundikwa ndani juu ya mlango. Unavuta kamba kwa nje, inalia. Fundi Saa ndiye aliyeitengeneza na kuitundika mwenyewe.

"Akavuta, kimya," binti aliendelea. "Akavuta tena. Alidhani umemuona ukagoma kufungua. Akapita dirishani kwako akuite kwa hasira zake. Akakuona umekaa hapo hapo ulipokaa, mgongo kwa mlango, unasafisha mizani. Akarudi, akaivuta kamba ile mpaka alidhani itakatika, huku anakutazama kupitia dirisha lililo kando ya mlango. Hukuinua hata kichwa. Hapo akaelewa."

"Akaelewa nini?"

Binti aliinamisha kichwa. Alitazama pini za ukosi wake kana kwamba zimeandikwa kitu.

"Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza, umemwonyesha? Akasema hapana. Akasema, 'Yule bwana ana kitu kimoja tu duniani. Nikimwambia hana, atabaki na nini?' Nikamwambia, baba, lakini jina lako! Akasema jina lake atalibeba, si zito. Lilikuwa zito, mzee. Mimi niliishi naye, najua lilikuwa na uzito gani."

"Unataka kusema mimi ni kiziwi." Sikio alisimama. "Mimi! Tunazungumza hapa, nakusikia neno kwa neno!"

"Mimi sisemi lolote. Na wala sitamwambia mtu, nilimwahidi. Nimekuletea wewe peke yako, ufanye unavyoona. Ila Jumamosi ni siku ya chama, na jina la baba yangu halipo ubaoni." Akafunga mkoba. "Nitapita pale nje nikienda kupeleka nguo. Nitachungulia tu."

Akaaga jikoni, akaondoka.

Sikio alibaki amesimama. Kisha akakitoa kisanduku kabatini, akachomoa sarafu ya mwaka wa tatu, mwali, ile waliyoinunua kwa pamoja mnadani. Hiyo aliijua kama anavyojua kiganja chake. Mlio wake ulikuwa mrefu kuliko wa zote. Akaiweka kidoleni, akagonga, akafumba macho.

Tap.

Akachukua ya mwaka wa saba. Tap. Ya tisa. Ya kumi na moja. Akazigonga zote kumi, moja moja, na zote zilikuwa zimekufa ndani ya kisanduku chake mwenyewe.

"Mama watoto!" aliita. "Njoo!"

Mkewe alikuja akijifuta mikono. Sikio aligonga sarafu ya mwaka wa tatu mbele ya uso wake.

"Umesikia kitu?"

"Nimesikia nini?"

"Hii. Imelia?"

"Si umeigonga mwenyewe? Imelia, mbona unaniuliza mimi? Kila siku nazisikia nikiwa jikoni, ting, ting, utadhani nimeolewa na mwuza barafu."

"Hata zile ninazosema mbovu?"

Mkewe alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Hata zile," alisema. "Zinalia vizuri tu, halafu nakusikia unamwambia mtu wa watu, pole, bandia. Mimi nilidhani wewe una kusikia kwa ziada. Kwamba ipo kasoro ambayo sisi wengine hatuipati."

"Nenda nje uvute kengele."

"Sasa hii ni nini tena, mzee?"

"Nenda, bibie. Tafadhali."

Alikwenda. Sikio alisimama chini ya mlango, kichwa juu. Aliiona kamba ikikazika. Aliiona kengele ikiruka huku na huku kama samaki kwenye ndoano, ulimi wake ukipiga pande zote mbili, na hakusikia chochote. Alisikia sauti ya mkewe nje ikisema, "Inatosha?" na gari likipita barabarani. Kengele iliendelea kurukaruka juu yake bila sauti, siku ile kama asubuhi ile.

Akaketi sakafuni, mtu mzima mwenye mvi.

Ijumaa yote hakula cha maana. Alitunga njia. Angeweza kwenda na sarafu, akaonyesha kijibonde, akasema jamani, tupa imesema kweli, nilikosea mara moja, mrudisheni mwenzetu. Mara moja tu katika miaka arobaini. Nani angemlaumu? Jina la Fundi Saa lingerudi na lake lingebaki, na watu wangesema hata Sikio ni binadamu. Alimwelezea mkewe mpango huo.

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Na zile za Mfamasia?" aliuliza.

Jumamosi alivaa shati lake la kwenda kwa watu, akatia mkebe mfukoni na kisanduku kwapani, akaenda.

Walikuwapo watano. Katibu alikuwa akisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na Sikio kwa mara ya kwanza aligundua kwamba hupata nusu tu ya maneno yake na nyingine hujaza mwenyewe. Ilipofika zamu ya mengineyo, akasimama. Akaiweka sarafu juu ya kitambaa cha kijani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ipi.

"Naomba mnyamaze," alisema, ingawa walikuwa wamenyamaza.

Akaiweka kidoleni, upande usio na jeraha. Safari hii hakufumba macho. Akagonga.

Yeye alipata tap, kama siku zote. Lakini alikuwa akizitazama nyuso, na nyusoni aliuona mlio. Katibu aliinua kidevu kidogo, kama mtu aliyeitwa na mtu anayempenda. Mfamasia alipepesa macho. Mzee wa duka la kadi, aliyekuwa akiandika, aliacha kalamu hewani, na kalamu ilikaa hewani muda mrefu, mrefu, kisha ikashuka. Hapo ndipo Sikio alipojua mlio umekwisha.

"Nani amesikia?"

Walitazamana. Mfamasia aliinua mkono kwanza, halafu Katibu, halafu wote.

"Mimi sikusikia," Sikio alisema. "Sisikii mlio wa fedha. Sijui tangu lini, lakini miaka mitatu nina uhakika. Siku ile mwenzetu alileta sarafu halali, ikalia, na mimi nikamwita mchongaji mbele yenu. Aliikata ajue ukweli, akaujua, akanifichia. Amekwenda kaburini akinifichia." Akazitazama tena nyuso zao. "Nawauliza nyie. Siku ile mlisikia?"

Chumba kilikuwa kimya, na kimya hicho angalau walikuwa nacho wote sawa.

"Ililia," Katibu alisema mwishowe.

"Kwa nini hamkusema?"

"Wewe ndiwe Sikio." Katibu alisema hivyo bila ukali, akitazama mikono yake. "Nilidhani masikio yangu ndiyo yamekosea."

Mfamasia alikuwa amesimama. "Na zangu?" aliuliza. "Zile za baba?"

"Na zako," Sikio alisema.

"Zote sita?"

"Sijui, ndugu yangu. Macho yangu hayakuona kosa, mizani haikuona kosa. Nadhani zote."

Mfamasia alivaa koti taratibu, mkono mmoja, na wa pili ukawa haupati tundu. Sikio alisogea kumsaidia. Mfamasia akarudi nyuma hatua moja, akaupata mwenyewe, akatoka bila kuaga. Hakurudi tena chamani kikao chochote Sikio alichokuwapo, na baadaye Sikio akawa haendi, ili yule apate kwenda.

Katibu alichukua chaki. Aliliandika jina la Fundi Saa mahali pake pa zamani, kati ya majina mawili yaliyokuwa yamelizoea pengo, ikabidi aandike herufi za kubanana. Sikio alichukua kikadi. Chini ya sahihi ya rafiki yake akatia yake. Akasoma tena: *Bibi. Imelia.* Alitaka kubisha kidogo, kwa mazoea, aseme huyu si bibi, huyu anakaribia kuwa mama, na hapakuwa na wa kubishana naye.

Alipotoka, binti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na furushi la nguo mkononi. Alikuwa ameshachungulia, ilionekana. Sikio alivuka, akampa kisanduku. Vitundu kumi na kimoja, vyote vimejaa, kimoja kikiwa na sarafu yenye kovu.

"Zamu yenu," alisema. "Imepita zaidi ya mara tatu. Mnisamehe."

Binti alikipokea kwa mikono miwili, furushi likaanguka, akaliacha. Midomo yake ilitamka kitu, chini kwa chini, na lori lilikuwa likipita, Sikio hakukipata. Lakini aliitazama ile midomo na akaijua, maana aliiona ikitamka neno hilo tangu ikiwa haina meno.

"Marahaba, mwanangu," alijibu.

"Nitakirudisha baada ya miezi sita," alisema binti, sasa kwa sauti. "Nitakileta mwenyewe, baba mdogo."

Siku hizi hakuna anayempelekea Sikio sarafu. Waliokuwa na sarafu alizoziita bandia wamezitafuta tena makabatini. Wengine wamezipata, wengine wamebaki wakimtaja kwa jina lile la kwenye kitambulisho. Mizani iko kabatini, imefunikwa kitambaa. Meza ile ameisogeza hadi ukuta wa pili, na kiti amekigeuza kikatazamana na mlango, ili kengele ikitikisika aione. Mkewe amemwambia binti yule haji bado, imebaki miezi minne ya zamu yake. Anajua. Lakini pale mlangoni hupita upepo, na upepo ukiitingisha ile kengele Sikio huinuka upesi, kwa magoti yake yale, akaenda kufungua.